Maneno ya Bibi Niliyoyazima

Jumapili, mwisho wa Agosti. Same.

Upepo umeamka na watu leo. Tangu asubuhi unavurumisha vumbi. Madirisha nimeyafunga na bado kibodi ina mchanga. Kanisani sikwenda. Nina uchungu, na uchungu wenyewe nimejitakia.

Niandike tangu mwanzo, maana nikikaa nao nitapasuka.

Kikundi cha wamwagiliaji cha kule Mamba, kwa Bibi, kilinipa kazi ya kuwatengenezea tovuti. Wanalima tangawizi, wanataka wanunuzi wa mjini wawaone. Nikaweka picha, nikaweka na ukurasa wa historia ya ndiva, lile bwawa linalokinga maji ya mlimani ili kila shamba lipate zamu yake. Kwa habari za ndiva nilimfuata Bibi, mama yake baba, kwa sababu ukoo wa mume wake ndio ulioichimba.

Bibi alinisimulia tena miaka ya Ujamaa. Amri ilikuja kwamba waliotawanyika kwenye miteremko washuke tambarare wakaishi pamoja kijijini. Babu akasema hawezi kuiacha ndiva bila mtu wa kuitunza. Balozi wa nyumba kumi akaja na vijana wake, wakang'oa mlango, wakashusha paa, majirani wakitazama, Bibi akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Waliporudi mlimani baada ya miaka, walimkuta balozi analima mashamba yao yaliyo chini ya ndiva, na imekuwa hivyo mpaka leo. Mwishoni Bibi aliongeza jambo, maana si mtu wa kumsingizia mtu: kule tambarare njaa ilipobana, balozi huyohuyo aliwaletea debe la mahindi. Kwa hilo alimshukuru, na bado anamshukuru.

Niliandika yote kama alivyosema, na jina lake chini.

Mwenyekiti wa kikundi ni mtoto wa yule balozi.

Alinipigia simu, mpole kama mchungaji. "Mwanangu, kazi ni nzuri. Ila hicho kipande cha mama yetu kitatugombanisha. Kiondoe. Na zamu za maji za kiangazi ndiyo tunazipanga wiki hii, usisahau." Nilimwelewa vizuri sana. Bibi ana tangawizi changa shambani, na bila maji hana mavuno. Nikamjibu, "Sawa mzee, nimekusikia."

Hapo nikajitia mjanja. Sikufuta. Wanaoandika programu wanajua: kipande usichotaka kionekane unakiwekea alama ya kufungua juu na ya kufunga chini, kompyuta inakiruka kama hakipo. Maneno yanageuka kijivu kwenye skrini yako, lakini yapo. Nikajiambia mwenyekiti kapata anachotaka na Bibi hajapoteza kitu. Nilijiona wa maana kweli. Woga wangu niliuita busara.

Sasa upumbavu wenyewe ni huu. Katikati ya maneno ya Bibi nilikuwa nimejiachia dokezo langu, "muulize Bibi jina la mahali", nalo lilikuwa limefungwa kwa alama zilezile. Kompyuta haihesabu jozi za alama. Ilipokutana na alama ya kwanza ya kufunga, ile ya dokezo, ikaona kificho kimeisha hapo. Habari ya mlango na paa ikabaki imezimwa. Habari ya debe la mahindi ikatokea kwa wote. Mimi nilitupia jicho sehemu ya juu ya ukurasa, nikaona pasafi, nikaupandisha mtandaoni.

Jana ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva. Asiyefika anatozwa faini, hivyo hata Bibi alikuja, akaketi kwenye jiwe akiwatania wanaozembea. Kazi ilipokwisha, katibu akatoa simu awasomee watu tovuti yao mpya. Akasoma habari za tangawizi, akasoma historia, kisha akasoma kwamba balozi aliwaletea debe la mahindi na kwamba Bibi anamshukuru mpaka leo. Akamalizia na jina la Bibi, lote.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia ahsante sana mama.

Bibi hajui kusoma. Aligeuka akanitazama mimi.

Tulipofika kwake akataka nifungue kompyuta nimsomee alichosema, chote. Nikayasoma yale ya kijivu. Akauliza kama hayo yamo humo. Nikasema yamo, sijayafuta. Akauliza kama watu wanayaona.

"Hapana, Bibi."

"Basi ama wayaone, ama uyafute pamoja na shukrani yangu. Kuwekwa kando nimeshawekwa, mjukuu wangu. Kwako sikutegemea."

Nikamweleza habari ya zamu za maji. Akacheka, kicheko kibaya. "Maji aliyochimbia babu yako, ulitaka niyanunue kwa kufunga mdomo?"

Nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie.

Leo mchana nimeondoa alama zote. Maneno yamerudi kwenye rangi yake, nimeyapandisha. Haikupita saa, mwenyekiti akapiga. Hakupaza sauti. Alisema jina la Bibi halimo kwenye zamu za kiangazi, akanitakia Jumapili njema.

Nimempigia Bibi nikilia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mlango na paa vimo. Nikasema vimo. Akasema sawa, akakata simu.

Tangu utotoni nimekuwa nikijiuliza majirani waliosimama siku ile wakatazama, bila hata mmoja kufungua kinywa, walikuwa watu wa namna gani. Nilidhani walikuwa wabaya. Kumbe kila mmoja alikuwa na shamba lake la kulinda, na akaenda kulala akijiona ana busara.

Kesho napanda Mamba. Maji ya mtoni hayana mwenyekiti. Nitayabeba kwa ndoo mpaka mgongo ukatae.