Mama Mkwe Kwenye Buti la Gari Langu

Jumatatu, 1 Septemba

Gari limelala tena. Asubuhi nimelikuta limekalia makalio, bampa ya nyuma karibu iguse mchanga. Nikawasha injini, nikasubiri shokapu za upepo zijae. Mkia ukanyanyuka polepole. Jirani akauliza juu ya ukuta kama gari limeshamaliza kusali. Utani ule ule kila siku.

Wanaliita jeneza kwa sababu ya urefu. Waache waite. Hili ni wagoni, gari la wakubwa lenye buti refu, lilitengenezwa libebe wakurugenzi na mizigo yao. Limezeeka, sikatai. Ngozi ya viti imepasuka, kiyoyozi kimekufa. Lakini injini ya silinda sita ukiikanyaga kwenye lami unasukumwa kitini. Na viti vya nyuma ukivilaza, una sakafu ya mtu mzima kujinyoosha. Kamera, taa, miamvuli, zulia jekundu la maharusi, vyote vinaingia na mlango unafungwa. Nitajie mpiga picha mwingine hapa Bariadi anayefika harusini hivyo.

Tatizo ni vumbi. Linavutwa ndani kwa nyuma hata milango ikifungwa. Nimebadilisha mpira wa mlango, bado.

Minza amenuna. Hana hata wiki mbili tangu apasuliwe kumtoa mtoto, na mimi niko chini ya gari. Anasema ana mke mwenza wa bati.

Alhamisi, 4 Septemba

Simu kutoka Bukundi. Mama mkwe ameanguka akitoka zizini. Masunga, kaka yake Minza, anasema paja limevunjika na mguu umegeukia upande. Hawezi kukaa. Kulala tu. Gari la wagonjwa la kule limetoka na mgonjwa mwingine. Pikipiki haifikiriki.

Minza alilia, kisha akanyamaza, kisha akasema: gari lako.

Kumbe leo si mke mwenza tena.

Nitatoka alfajiri. Naogopa. Si barabara, namwogopa mama.

Miaka yote ya ndoa sijawahi kumtazama usoni. Mkwe na mama wa mkewe hawakutani macho, hawapeani mkono, hawasemezani ila kwa kupitia mtu. Vijana wengi wa mjini wameacha. Mama hajaacha, na mimi kwake sithubutu. Nikimwona mbele yangu naacha njia, naingia kwenye pamba. Yeye akinisikia uani hupitia nyuma ya nyumba. Tunapendana hivyo, kwa mbali. Sasa nimbebe ndani ya gari moja kutoka Bukundi hadi Bariadi.

Ijumaa, 5 Septemba. Hospitalini, Nyalikungu

Naandika leo leo nisije nikajipambia mambo baadaye.

Nilifika mapema. Nikasimama mbali, uso ukutani, wanawake wakamtoa juu ya godoro. Alipiga kelele mara moja tu. Godoro likaingia kwenye buti kama limepimwa. Nilijivuna, nasema kweli. Mguu wa mtu umevunjika na mimi nafurahia urefu wa buti.

Wakafunga kanga mbili toka dari hadi sakafuni, nyuma ya viti vya mbele. Mimi mwenyewe nikageuza kioo cha kati kikatazama paa. Masunga akakaa mbele kuwa mdomo wa pande zote mbili. Hakuna mwanamke aliyepata nafasi nyuma. Godoro lilikuwa limemaliza sakafu yote.

Joto. Kanga zilizuia upepo wa madirishani. Masunga akaleta neno kuwa mama anakosa hewa. Nikamwambia gari hili kioo cha nyuma kinafunguka peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Nikamweleza na ufundi wake. Akashuka, akakifungua, akakifunga kwa kamba kisirudi. Mama akapata hewa. Sote tukaridhika.

Kwenye mto wa mchanga wachungaji walituonyesha njia ya ng'ombe. Wanapopita ng'ombe mia, walisema, litapita na hilo. Kwao ng'ombe hakosei. Lakini ng'ombe ana miguu, na gari langu tumbo liko chini. Katikati likagonga jiwe. Tulivuka. Toka hapo mlio ukabadilika, ukawa mzito, wa ngurumo. Masunga akasema sasa linaunguruma kidume. Nikacheka. Nilipaswa kushuka na kuchungulia ekzosi, bomba la moshi. Sikushuka, kwa sababu kushuka ni kupita nyuma, na nyuma kuna mama na kioo kiko wazi.

Baada ya Mwanhuzi nilisikia kitu kikigonga huko nyuma. Ko, ko, ko. Kinanyamaza, kinarudi. Nikasema ni bushi, zile raba za miguu ya gari. Nikasikiliza kwa makini, nikakata shauri kuwa ni bushi ya kulia. Kisha ikaacha. Nikashukuru.

Harufu ya moshi niliisikia. Nikalaumu malori. Kichwa kikaanza kuuma, nikalaumu njaa. Masunga akalala na kuegemea dirisha lililofungwa. Langu lilikuwa wazi. Nikaona tukikaribia lami nikanyage, tufike upesi.

Nyalikungu nikasimama ninunue maji. Nikamwita Masunga, haamki. Nikamtikisa, akafungua mlango na kutapika. Midomo myekundu. Nikaita kwa sauti, nikitazama mbele: "Masunga, muulize mama kama anataka maji." Masunga hana habari. Nikaita tena. Kanga haikutikisika.

Hapa ndipo ninapojichukia. Sikuifunua. Mkono ulifika kwenye pindo la kanga ukarudi. Nikashuka, nikatafuta mwanamke wa kunichungulilia. Ndiyo. Nilikimbilia kwa mama muuza karanga, nikamsalimia vizuri, mwadila mayu, nikaanza kumweleza kuwa nina mkwe wangu ndani, naomba anitazamie. Akauliza ana nini. Nikaeleza. Akafunika karanga zake kwanza. Tukatembea. Tukatembea!

Alichungulia kioo cha nyuma. Akasema, "Baba, mtu wako huyu hapumui vizuri."

Nikazing'oa kanga. Nikauona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza, mdomo wazi, vumbi kwenye kope. Nikamkumbatia na godoro lake. Nilimshika kifuani, nilimshika paja lile lile. Hakulia. Afadhali angelia.

Watu wakasaidia. Hospitali ilikuwa karibu. Amewekewa hewa ya mtungi. Daktari akauliza gari la aina gani, akauliza kama kioo cha nyuma kilikuwa wazi. Akasema gari likikimbia linavuta moshi wake lenyewe kwa nyuma, na ekzosi ikiwa imepasuka chini ni sumu tupu.

Vumbi. Nimeliona likivutwa hivyo miaka yote, kila safari, na nikanunua mpira wa mlango.

Hajaamka.

Jumamosi, 6 Septemba

Hajaamka. Masunga yuko sawa, kichwa tu. Haongei na mimi.

Minza amepiga simu. Nimemwambia yote isipokuwa habari ya muuza karanga. Ameniuliza mara tatu: ulikuwa unasubiri nini? Nimesema mtandao unakatika.

Sijala. Gari liko nje limelala chini. Sitaki kuliona.

Jumapili, 7 Septemba

Amefungua macho kabla ya mchana. Ameomba uji. Ametaja jina la ng'ombe wake mmoja na kuuliza kama amekamuliwa. Muuguzi amecheka. Mimi nililia nje, karibu na matenki ya maji, mbele ya watu, na sikuona aibu.

Kisha aibu ikaja. Nimemshika mama mkwe. Nimeona uso wake. Akijua atafanyaje? Akikataa kuniita mkwe, nitamwambia nini Minza?

Jumatano, 10 Septemba

Wamemhamishia Bariadi kwa gari lao, apigwe chuma pajani. Minza alikwenda kumwona, anatembea ameshika tumbo. Amerudi na maneno. Afadhali angenipiga.

Mama anasema alijisikia vibaya mapema. Kichwa kizito, macho yanafifia. Aliona Masunga hajibu. Aniite mimi? Angeniitaje? Mtu hamwiti mkwe wake. Akaona agonge. Akavua bangili yake ya shaba, akagonga ubavu wa gari. Akapumzika, akagonga tena, hadi mkono ukalegea.

Ko, ko, ko.

Nimemwambia Minza nilisikia. Nimemwambia nilidhani ni bushi. Nikamwambia na habari ya karanga. Amemchukua mtoto akaenda chumba kingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Chuma kimeingia salama. Nimepeleka gari kwa fundi. Bomba limechomelewa, sailensa mpya. Kioo cha nyuma nimemwambia akizibe kabisa, kisifunguke tena. Akasema naharibu uzuri wa gari. Nikamjibu vibaya. Bushi, anasema, ni nzima zote.

Nilitaka kuliuza. Minza kasema nisimuuzie mtu mwingine balaa, kwanza nijifunze kulitumia.

Ijumaa, 26 Septemba

Mama anaruhusiwa keshokutwa. Kwetu hawezi kulala, nyumba ya mkwe si mahali pake. Atakaa Sapiwi kwa dada yake mpaka ayazoee magongo. Bado hawezi kukaa muda mrefu, ni kulala. Nimetafuta gari jingine kimya kimya. Nimepata hata dereva.

Minza alipompelekea habari ya dereva, mama alijibu kwa Kisukuma, kisha mama mwenyewe akatafsiri kwa Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa: "Mwambie mkwilima anipeleke yeye." Mkwilima ni mkwe wa kiume, yaani mimi.

Sikuuliza kwa nini. Sijui kama ni msamaha au ni adhabu.

Jumapili, 28 Septemba

Minza na mtoto walitangulia Sapiwi jana kuandaa kitanda. Masunga amekataa kupanda. Alikodi bodaboda, akatufuata nyuma kwa mbali akila vumbi letu. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu garini, mama na mimi. Haijawahi kutokea.

Wauguzi walimlaza. Nilisimama uso ukutani. Akaagiza kanga zifungwe kama zile za kwanza, na zikafungwa. Nikageuza kioo kikatazama paa. Madirisha yote manne nikashusha hadi mwisho.

Niliendesha taratibu. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma. Nilizima redio. Kila jiwe nililisikia. Tulipotoka mjini nikaanza kutokwa jasho, kwa sababu nyuma kulikuwa kimya, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Ndipo akakohoa.

Nikashika breki kidogo, nikasikiliza. Kimya. Baada ya mwendo kidogo akakohoa tena, vile vile, kavu, mara moja, kama mtu anayepiga hodi. Nikaelewa. Tulipopita daraja alikohoa. Kwenye mashamba ya pamba iliyokwisha kung'olewa alikohoa. Nikachelewa mara moja kumsikia kwa sababu ya lori, akarudia kwa nguvu.

Nami nikaanza kumjibu. Yeye anakohoa, mimi nakohoa. Hivyo hivyo hadi Sapiwi.

Minza alikuwa mlangoni kwa dada yake mama. Ameuliza kama mama amepata mafua njiani. Nimesema hapana, mzima.