Ngozi Tatu za Budeba

Mlandege, Iringa
18 Januari 1976

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na asinune kwa kuwa jina lake limekuja la pili. Kifua chako kimetulia tangu mvua zianze? Na mguu wa mama? Sisi huku tunaendelea. Edmund ana kazi nyingi karakana. Shule moja imeagiza madawati, basi anarudi nyumbani na vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Baba, nina mimba tena, ya miezi mitatu. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza nione kama itakaa. Mara mbili mlifurahi, na mara mbili Edmund alitengeneza sanduku dogo kwa mikono yake, hakukubali fundi mwingine aliguse. Wa kwanza aliishi siku nne. Wa pili, Juliana, alinitazama wiki tatu nzima, kisha akaacha kunyonya.

Safari hii sijaweka chochote ndani. Nguo za Juliana nimempa jirani yangu, mama Verediana, anifichie. Kanisani naenda, naimba, ila kuomba siombi. Akina mama wananiambia, "Mungu ana makusudi yake, tulia." Mmoja akasema labda alihitaji malaika wadogo. Nikamwuliza, "Wako sita wote wazima. Wa kwako hakuwahitaji?" Sasa wanasema mke wa Edmund ana kiburi.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma, kidole chako juu ya kidole changu, kwenye Injili. Kwa hiyo nakuuliza wewe, siwaulizi wao: huyu wa tatu nitamkabidhije kwa Mungu yuleyule?

Binti yako,
Nyamizi

*

Madibira, Usangu
9 Februari 1976

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Barua yako imeletwa na Isakwisa, dereva wa lori la mpunga, akiwa ameificha ndani ya kofia isilowe. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Mama yako anasema mguu wake hauna tatizo, tatizo ni watu wanaouulizia. Ng'ombe ni wazima na majani yamejaa mbugani.

Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje. Usangu hii ni tambarare tupu. Miaka saba nipo hapa, na kabla ya hapa nilihamahama miaka mingi, lakini nikiwa na huzuni macho yangu bado yanatafuta yale mawe makubwa ya kwetu, mtu apate kuegemea.

Sijui kwa nini watoto wako walikufa. Atakayekuambia kwamba anajua, mpe chai anywe aende zake. Mimi ni mzee wa kanisa, na sijui.

Lakini nitakuambia habari ya ng'ombe, maana hiyo naijua. Nilipohama kwetu Shinyanga, wewe ukiwa na miaka mitatu, nilimwachia rafiki yangu Budeba ng'ombe watatu. Ndiyo desturi yetu: mtu huweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize wote. Hatuandikiani hati. Maziwa anakunywa mtunzaji, ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji humletea mwenyewe ngozi, na sikio likiwa bado limeshikana nayo, ili aione alama yake.

Vijana hudhani ngozi ni ushahidi tu. Nilipokuwa kijana, ng'ombe wa baba yangu alifia kwa Budeba, na wiki hiyohiyo Budeba alikuwa amemzika mke wake wa kwanza. Angeweza kumtuma mtu. Alitembea siku mbili na ile ngozi begani, akaketi chini uani kwetu, akamweleza baba namna mnyama alivyokufa, wakalia wote wawili. Toka siku ile nilijua ng'ombe wangu nitamwachia nani. Sikumtaka aahidi kwamba hawatakufa. Anayejua ng'ombe haahidi hivyo. Nilijua atakuwa mtu wa namna gani siku watakapokufa.

Ndivyo nilivyomjua Mungu, Nyamizi. Sina dirisha jingine la kumwonea ila Yesu. Alipofika kwenye kaburi la rafiki yake alijua kwamba atamwamsha muda si mrefu, na bado alilia. Huwa namfikiria sana huyo anayejua mwisho na bado analia. Tena Mungu naye ana Mwana aliyekufa mchana, watu wakitazama. Hakututumia salamu za pole. Alikuja mwenyewe.

Usijilazimishe kuomba. Mwangalie tu, yeye ni nani.

Baba yako,
Ndalahwa

*

Mlandege
7 Machi 1976

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mmeamka salama na kwamba mama bado ana mdomo wake. Mimi miguu imeanza kuvimba, lakini mkunga anasema ni kawaida.

Barua yako ilinituliza siku mbili. Siku ya tatu nilimpelekea Edmund chakula karakana, nikamkuta anapiga randa mbao fupi. Mbao zilezile nyeupe, harufu ileile. Nikaweka sufuria chini nikakimbia. Jioni akaniambia, "Nyamizi, ni kitanda cha mtoto." Nikamwambia, "Usikilete ndani."

Sasa niruhusu niseme kama nilivyokuwa nikisema nyumbani. Budeba amekuletea habari mara ya mwisho lini? Maganga wa baba mdogo alipita hapa Krismasi, akala wali wangu wote, akasema ukame wa mwaka juzi uliwakausha kabisa huko kaskazini, na watu wamehamishiwa vijiji vipya. Alicheka: "Baba mkubwa bado anahesabu ndama kichwani! Wale walishakuwa supu." Miaka saba hakuna hata salamu, baba. Unamwamini Budeba kwa sababu unamjua, au kwa sababu hujaenda kutazama?

Naogopa kwamba na Mungu tunafanya hivyo hivyo.

Nisamehe. Binti yako,
Nyamizi

*

Madibira
23 Mei 1976

Mwanangu mpendwa,

Naanza kwa kuuliza hali yako na ya huyo uliyembeba, kwa maana nimekaa zaidi ya miezi miwili bila kuuliza. Usiilaumu posta. Nilikuwa naona aibu.

Ulipoandika yale, nilimwita Maganga nikamwambia, "Nenda Shinyanga ukamsalimie Budeba." Ulikuwa uongo, nilimtuma akapeleleze. Akarudi na habari kwamba boma la Budeba limebaki nguzo mbili na majivu, na zizi limeota mbigili. Jirani alimwambia, "Alihamishwa, sijui kijiji gani. Ng'ombe? Ng'ombe gani?" Maganga akanitazama. "Baba mkubwa, si nilisema?"

Nami niliamini, Nyamizi. Jumapili mbili nilimwomba Yohane, mzee mwenzangu, asimamie ibada, nikakaa benchi la nyuma kama mgeni. Nilikuwa nikijiuliza: kama nimekosea juu ya mtu niliyechunga naye tangu utoto, nimemwandikia mwanangu upuuzi gani juu ya Mungu?

Jumatano iliyopita, alasiri, mbwa walibweka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye gunia mgongoni, anakuja polepole kando ya mashamba. Mama yako ndiye aliyemtambua, kwa mwendo. Akaanza kigelegele, akakikata katikati alipoliona lile gunia.

Budeba alikuwa njiani siku kumi na moja. Anasema kondakta wa basi alikunja pua akamwuliza, "Mzee, huu mzigo wako ulikufa lini?" Akamjibu, "Mwaka juzi, mwanangu, lakini una adabu kukushinda."

Zilikuwa ngozi tatu. Wale niliomwachia walizeeka, wakazaa, na mwishowe watatu wangu wakubwa waliokuwa wamebaki kwake ukame ukawaua kwa mwezi mmoja, pamoja na wake karibu wote. Kabla hajapata namna ya kuniletea habari, watu wakahamishwa. Alipewa safari moja tu ya lori. Akaacha kitanda chake na ghala lenye mtama, akapakia ngozi zangu. Wanawe walidhani jua limemchanganya akili. Hakujua tuko wapi. Barua zangu za tangu nije Usangu hazikumfikia, na za mwisho zilikuwa zinakwenda mahali ambapo hapana mtu. Ila Maganga, katika kupeleleza kwake, aliacha jina la Madibira kwa yule jirani, na jirani akalifikisha mnadani. Budeba alipolisikia alirudi nyumbani kuchukua gunia.

Alizitandaza uani, moja moja. Masikio yote yapo. Moja limetafunwa na panya, na kwa hilo akaniomba radhi.

Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia, "Budeba, nilimtuma kijana akuchunguze. Aliponiambia ameona nguzo mbili, nilikuhukumu."

Akakunja gunia lake tupu, nikadhani tumekwisha. Kisha akasema, "Nguzo zinajua nini juu yangu?" Akamwomba mama yako maji ya kuoga.

Usiku wake hakulala vizuri, kifua kama changu. Asubuhi akaniambia kuna mtamba mmoja aliyepona, mjukuu wa yule jike wangu mwenye madoa ya kanga. Je, atafute namna ya kumleta? Nikamwambia akae naye. Mama yako akanitazama vile anavyonitazama. Nikarudia: akae naye. Hakuniahidi kitu, wala sikumwomba aahidi.

Mwanangu, uliuliza kama namwamini kwa kumjua au kwa kutokwenda kutazama. Ilikuwa haki yako kuuliza. Nilikwenda kutazama, nikaona nguzo, nikadhani nimemwona mtu. Wakati mimi niko benchi la nyuma namhukumu, yeye alikuwa anazigeuza ngozi zangu zisioze. Kuyumba niliyumba mimi. Budeba alikuwa Budeba muda wote. Makaburi mawili ya watoto wako si kitu kidogo, na sitaki uyaite kidogo. Lakini usimsome Mungu kwayo peke yake.

Mwezi wa saba, mpunga ukishaingia ghalani, nitakuja na mama yako. Siji kukagua imani yako imezaa nini. Ikiwa ni kucheka tutacheka, na ikiwa ni kuketi chini uani, nitaketi. Nitakuja.

Baba yako,
Ndalahwa

*

Mlandege
19 Juni 1976

Baba na mama,

Shikamooni, na shikamoo kubwa kwa mzee Budeba kama hajaondoka. Je, mmempa sweta? Huku baridi imeshuka, asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Mimi ni mzima, ila nimekuwa kama ghala. Mama Verediana ananifunga viatu.

Nilimsomea Edmund barua yako tukiwa mezani. Nilipofika pale kwenye kitanda na ghala la mtama, akaweka kijiko chini, akatoka. Nilimfuata. Alikuwa amesimama karakana, mkono wake juu ya kile kitanda kidogo. Amekimaliza tangu Aprili, baba, amekifunika kwa gunia, na kila Jumamosi anakipangusa vumbi. Hakuniambia.

Nikamwambia, "Kilete ndani."

Akaniuliza, "Una hakika?"

"Hapana. Kilete tu."

Sasa kipo karibu na dirisha. Kuna siku sikitazami.

Nimeanza kuomba. Ombi langu ni fupi na halina adabu ya kanisani. Nasema, "Bwana, nakuogopa. Lakini ulilia kwenye lile kaburi, na mimi nimekuona." Basi, hapo naishia. Mwanzo nilikuwa nangoja moyo wangu uwe imara ndipo nimkabidhi mtoto. Sasa naona kwamba hata mzee Budeba hakukuuliza kama una moyo imara. Ulimwachia mtamba kwa sababu yeye ni Budeba.

Mkunga anasema moyo wa mtoto unapiga vizuri na kichwa kimeshuka. Usiku anacheza mpaka Edmund anaamka na kumwambia, "We, kuna watu wana kazi kesho."

Mkija, mteremkie stendi, mmwulizie fundi Edmund, kila mtu atawaonyesha.

Binti yenu,
Nyamizi

*

Mlandege
Jumapili, 11 Julai, alfajiri

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Naandika huku nimesimama, nikiegemea ukuta. Mkifika mkakuta mlango umefungwa, ufunguo uko kwa mama Verediana, mlango wa pili, na karatasi hii atawapa yeye. Maharage yapo jikoni, mama asianze kusugua sufuria zangu kabla hajakaa. Edmund amekwenda kutafuta gari la kutufikisha hospitali. Uchungu umeanza kabla ya siku zilizosemwa, na naogopa, nisiseme uongo. Lakini nikiguna kwa uchungu nasikia kama kuna mtu ameketi chini karibu nami, na namjua ni nani.

Gari limefika. Nilibisha kwa mama Verediana kumkabidhi ufunguo, naye akanitolea lile furushi la nguo za Juliana, akaniuliza anipe zipi, na zipi abaki nazo kwanza mpaka tuone.

Nimezichukua zote.

Mtoto wenu,
Nyamizi