Ulivyokuwa Ukiizungusha Sahani

Somo yangu mpenzi,

Salamu ninazo, lakini leo zitangoja kidogo mlangoni. Barua hii naiandika wazi, anayetaka kuisoma na aisome, kwa kuwa habari zangu wewe ulizitoa wazi kabla yangu.

Wasiotujua wajue kwanza. Sote wawili tunaitwa Suleiman, tumezaliwa mtaa mmoja Unguja, tumesoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja, na kwa ajili ya jina hilo tukaitana somo tangu hatujang'oka meno ya utoto. Mie ndiye Suleiman mnene. Wewe ndiye Suleiman mwenye akili. Waliotugawia sifa hizo ni watoto wenzetu, na mpaka wiki tatu zilizopita nilikuwa nikiwalaumu kwa hilo la unene tu.

Unakumbuka Napoli? Tulishuka melini kutoka Iskandaria na sanduku moja la bati, makoti mawili yasiyotutosha (langu halikufungika, lako lilikumeza), na ile chupa yangu ya pilipili ya kusaga aliyonitilia mama mkobani siku tuliyotoka Unguja, mwaka ule wa sitini na nne. Watu walitoka na dhahabu. Mie nilitoka na pilipili. Wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya sanduku.

Wewe ndiye ulonifunza kusafiri kimaskini bila kujiona maskini. Ulikuwa na kanuni zako. Usile karibu na kituo cha treni. Panda treni inayosimama kila kijiji, ndiyo rahisi, na madirisha yake yanafunguka. Ikifika adhuhuri watafute wapakiaji mizigo, wanapoingia wao kula nasi tuingie. Na agiza sahani moja, tutakula wawili, kwani kwetu tulikuwa tukila vipi? Pale Napoli tulinunua samaki wadogo waliokaangwa wakafungwa karatasini, tukala tumesimama ukutani, na machozi yakanitoka hadharani kama mtoto.

"Somo," nikakwambia, "hawa dagaa!"

"Dagaa, ndiyo," ukasema. "Ila hawa wa kizungu, wamevaa unga."

Tulivyozidi kwenda kaskazini samaki wakatukimbia. Ikaja baridi, ikaja nchi ya Wajerumani, na kila chombo kilichotoka jikoni kilikuwa na nyama nisiyoijua. Nikakataa. Nikawa mtu wa mkate na chai, mkate na chai, siku baada ya siku. Na mie nilikuwa nimemwacha mama nyuma, sijui yu hai au vipi, hata huo mkate nikawa naubakisha. Suleiman mnene akawa anashika suruali kwa mkono. Mpaka siku ile Munich, nilipoanguka kituoni mbele ya watu, ukaniokota, ukaniingiza katika kihoteli cha wapakiaji na kunikalisha pembeni ya jiko la makaa.

Ukaenda jikoni. Nikakuona kwa mbali unazungumza na yule mama mpishi mwenye mikono mikubwa, unamwonyesha kikaango kwa kidole, naye anatikisa kichwa. Ukarudi na sahani imejaa, nusu viazi, nusu nyama ya kukaanga yenye mafuta pembeni.

"Nimemuuliza," ukasema. "Ng'ombe. Nyama ya watu wa Kitabu hiyo, halali yetu. Sema bismillahi ule."

"Una hakika, somo?"

"Yakhe, mie nimekaa bandarini miaka kumi nasema na mabaharia wa kila lugha. Weye umekaa posta unalamba stempu. Nani kati yetu aulizwe kama ana hakika?"

Kisha ukaizungusha sahani. Taratibu, kwa vidole viwili, mpaka nyama yote ikaja upande wangu na viazi vikabaki upande wako. "Kila mtu ale cha mbele yake," ukaniambia, "kama tulivyofunzwa chuoni." Nami nikala. Ningeijuaje? Maisha yangu yote sijapata kuiona, sijapata kuinusa. Nilitoa chupa yangu mfukoni nikainyunyizia pilipili, na kwa mara ya kwanza tangu Unguja nikahisi joto mpaka vidoleni.

Hamburg tukakaa miaka mitano na ushei, tukipanga makasha ghalani, na kila adhuhuri tukiingia kwa yule mzee wa kihoteli cha kona. Sahani moja. Unaizungusha. Unakula viazi na mkate, mie nakula nyama. Nikikusogezea kipande unakirudisha: "Nyama hainipendi, somo. Tumbo langu hili." Nami nikaona hayo ndiyo mapenzi. Mwenzangu anaona njaa yangu kabla ya yake. Wallahi, kila Ijumaa nilikuombea. Nilisema, Mola mlipe somo wangu, ananipa nyama akabaki na viazi.

Tena nikawa mjuzi! Unakumbuka nilivyokuwa nikishika kipande kwa uma, nikikigeuza kwenye mwanga? "Wajerumani wanajua kulea ng'ombe," nakwambia. "Hii ni ndama, somo. Tazama ulaini huu." Wewe unakohoa. Mie nadhani ni pilipili yangu.

Nchi hii ya Maskati ilipofunguliwa, tukaambiwa wenye asili ya huku warudi, mie nikarudi. Wewe ukasema utafuata. Hapa Maskati nimepata kazi ya kutafsiri barua za Kiingereza, na Kiarabu changu kinawaburudisha sana maofisini, wananiita Zinjibari kabla sijafungua mdomo na wanacheka nikishaufungua. Mke wangu Salma amekuja kutoka Mombasa alikokuwa akinisubiri. Tunakaa Matrah, nyuma ya soko, vumbi la bandari mpya linatuingia mpaka kwenye birika. Na kila tulipokula nyama ya mbuzi nyumbani kwa mtu, mie nilikuwa na neno langu: nzuri, alhamdulillahi, lakini hamjaonja ng'ombe wa Kijerumani. Nimelisema hilo barazani. Nimelisema harusini. Nimelisema mbele ya imamu.

Sasa wiki tatu zilizopita akaja Salum, yule fundi saa uliyemkaribisha chumbani kwetu nilipoondoka. Mie na yeye hatukupata kuonana. Baada ya sala ya alasiri tukamketisha barazani, tukampa halwa na kahawa, tukamwambia tupe habari za Ulaya. Kijana ana maneno mazuri. Akatusimulia treni, akatusimulia theluji, kisha akasema, "Nikwambieni kisa alichonipa mwenyeji wangu, mtacheka."

Akaanza. Kulikuwa na Mzanzibari mmoja hataki kula nyama ya Ulaya, karibu afe. Mwenzake akamdanganya ng'ombe, kumbe nguruwe. Watu wakasema audhubillahi, wakacheka. Mie nilicheka kuliko wote, unakijua kicheko changu. Nikasema, "Na huyo mjinga asijue?"

"Asijue miaka!" akasema Salum. "Mwenzake ajua vizuri, mwenyewe hagusi, ala viazi. Akizungusha sahani tu, hivi, kwa vidole viwili. 'Kila mtu ale cha mbele yake!' Na huyu bwana anaishukuru nyama, anaipiga pilipili. Maana alikuwa hatembei bila chupa ya pilipili mfukoni mwa koti."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, somo. Kahawa haikumwagika, hilo najisifu. Lakini mzee Nasori, ambaye hana jino wala haya, alinigeukia pole pole.

"Sheikh Suleiman," akasema, "wale ng'ombe wako wa Kijerumani, walikuwa na pembe?"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Salum maskini akataka ardhi immeze. Nami nikacheka tena, maana sikuwa na pengine pa kuuweka uso wangu.

Nilikwenda kwa sheikh. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, Mungu amjaze kheri. Akaniambia asiyejua hana dhambi, na anayekaribia kufa kwa njaa ana ruhusa yake. Kwa hiyo mie nimesafishwa, usihangaike kwa hilo. Ila sikwenda kuuliza habari ya nyama tu. Nilimuuliza na habari yako, na hapo sheikh akaniambia hilo halimo katika vitabu vyake.

Nisikilize sasa, Suleiman mwenye akili. Siku ya kwanza, pale Munich, nakusamehe. Nilikuwa chini, uliona nakufa, ukafanya lililokujia. Ungenambia kesho yake. Ningelia, ningetapika, ningekutukana na mama yako mzazi, Mungu amrehemu. Kisha huenda ningekula kwa dharura yangu mwenyewe, nikijua. Au tungekula viazi, wawili sisi, tukakonda pamoja. Lakini ya pili je? Na mwaka wa pili? Hamburg sikuwa mgonjwa. Hamburg nilikuwa na tumbo linalotangulia mlangoni, na kulikuwa na samaki sokoni kila asubuhi. Uliendelea kwa sababu ilikuwa taabu kuniambia, na halafu, nadhani, kwa sababu ilikuwa raha kunitazama.

Miaka mitano nilidhani tunakula pamoja. Kumbe nilikuwa nakula peke yangu, na wewe umeketi mbele yangu unaniangalia.

Na ujue ulichonichukulia. Juzi nilikwenda sokoni, nikamuuliza mwenye bucha, mzee wa ndevu nyeupe mwenye alama ya sujudu kwenye paji, kama mbuzi wake ni mbuzi, na kama kachinjwa halali. Hapa, Maskati! Aliniangalia, akamwambia jirani yake, "Huyu jua la leo limemzidi." Hilo si neno. Jana Salma ametenga wali na nyama, ametia samli, ameketi aninawishe mkono. Nami kabla sijajua kama nasema nikasikia mdomo wangu unauliza, "Nyama gani hii?"

Aliweka birika chini.

"Nakupikia tangu ndoa yetu," akasema. "Nimekungoja Mombasa nikila kwa jamaa za watu. Leo waniuliza mie nyama gani?"

Akainuka. Hakula. Hata nami sikula. Tumekaa vyumba viwili, wali unapoa baina yetu, na wewe uko Hamburg unafurahisha wageni.

Umeandika kuwa utakuja baada ya Idi, na kwamba unataka nyama ya kuchomwa shimoni kama wanavyoichoma watu wa huku, umeisikia sifa yake. Njoo. Nilifikiri nikutilie sahani yako peke yako, kama afanyiwavyo mgeni wa ofisini, na usiku mzima nikaufurahia uso wako utakavyokuwa. Nimeghairi. Mfugaji mmoja wa Bausher, kijiji cha jirani, ananiwekea mbuzi, nitamchinja kwa mkono wangu. Tutaketi chini, wewe na mie, sinia moja. Salma nimemwomba aje aketi nasi, amesema atafikiri.

Kisha nitalizungusha sinia. Taratibu, kwa vidole viwili, mpaka nyama yote ije upande wako. Upande wangu nitaweka mkate mkavu. Utanitazama usoni, kama nilivyokuwa nikikutazama mie. Usiniulize kitu, somo. Sitakujibu. Ukisema bismillahi ukatia mkono, nitajua kuwa mmoja wetu bado anaweza kula kwa mkono wa mwenzake, na huenda kwa kukutazama wewe nikajifunza upya. Ukiuliza, basi tutakula mkate wote wawili, na hiyo itakuwa sahani yetu ya kwanza pamoja.

Zile salamu bado ziko mlangoni. Zitaingia siku utakayoingia wewe.

Ni mie somo yako,
Suleiman mnene,
Matrah, Maskati, 1970