Maoni Sitini na Moja ya Pak Endang

JUKWAA LA HABARI ZA TEKNOLOJIA KABAR KAWAT, BANDUNG
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA WASIMAMIZI

Tarehe: Jumamosi, 15 Novemba 2025
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti, Cibiru

Waliohudhuria:
1. Teh Nining Sukaesih – Mwenyekiti
2. Kang Yayat Supriatna – Fundi wa tovuti
3. Kang Rusdi Permana – Msimamizi wa mijadala (mume wa Katibu tangu tarehe 4 Oktoba, alhamdulillahi)
4. Entin Suhartini – Katibu

Asiyehudhuria: Kang Dadan Gunadi, kwa udhuru, anamuuguza mama mkwe.

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi. Alisema suala la kukuza maandishi ya ukurasa wa mbele liahirishwe, kwa kuwa kuna jambo lililomnyima usingizi.

KUMB. NA. 2/11/2025: JAMBO LILIVYOGUNDULIKA
Katibu alieleza kwamba jana jioni alikuwa anasoma upya pongezi za ndoa yake jukwaani, mahali palepale alipobishana na Kang Rusdi siku tatu kuhusu kompyuta kuukuu kabla ya kupendana. Alitumia simu ya mumewe. Simu ya msimamizi huonyesha kwa rangi ya kijivu maoni yaliyofichwa, na katikati ya pongezi aliona maneno ya kijivu ya Pak Endang Sutarya, fundi mstaafu wa nyaya za simu: "Wanangu, nyumba ni kama laini ya simu. Mkisikia mikwaruzo msikate, tafuteni waya ulipolegea."

Katibu alilia kwa furaha, kisha akaogopa. Alipofuatilia, alikuta maoni 61 ya Pak Endang tangu tarehe 29 Septemba, yote ya kijivu. Mwenyewe anayaona kwenye simu yake kama kawaida. Wengine wote hawaoni hata moja.

KUMB. NA. 3/11/2025: MAELEZO YA MSIMAMIZI
Kang Rusdi alikiri kwamba ndiye aliyemnyamazisha Pak Endang kwa siku saba, kwa kumwita mwanachama mpya "kopo tupu". Hakumjulisha, kwa kuwa desturi ya jukwaa ni kutomjulisha anayenyamazishwa. Adhabu haifunguki yenyewe. Lazima msimamizi aifungue kwa mkono. Siku ya kufungua ilikuwa ya pili baada ya harusi, naye alisahau.

Kang Yayat alisema, "Wewe uko fungate, mzee wa watu umemzika hai."

Kang Rusdi alijibu, "Tangu mwaka jana nakuomba uweke tarehe ya kufungua. Ulisemaje?"

"Nilisema nitaweka."

"Ukaweka?"

Katibu aliomba iandikwe kwamba mumewe ni mtu mwenye huruma kuliko wote anaowajua, na kwamba tangu jana hajala. Mwenyekiti alisema, "Andika kikao, mdogo wangu. Mapenzi mtaandikiana nyumbani."

KUMB. NA. 4/11/2025: BETRI YA GARUT
Mwenyekiti alisoma swali la tarehe 27 Oktoba la binti aitwaye Yeyen wa Garut: kwa nini mgongo wa simu yake umeinuka, naye huichaji chini ya mto usiku kucha? Pak Endang alimjibu baada ya dakika nne: "Betri imevimba. Usiichaji tena. Itoe chumbani SASA HIVI." Jibu hilo lilifichwa. Hakuna mwingine aliyejibu. Tangu siku hiyo Yeyen hajaonekana jukwaani.

Kang Yayat alimtumia Yeyen ujumbe, haukusomwa. Kang Rusdi alitafuta habari za moto Garut na hakuona kitu. Katibu alimshika mkono.

Mwenyekiti alisema, "Mpigieni Pak Endang. Huenda wanajuana."

Kang Yayat alisema, "Apige aliyemfungia."

Kang Rusdi alipiga mara tatu. Haikupokelewa.

KUMB. NA. 5/11/2025: MAAZIMIO
Wakati wa kusubiri iliazimiwa kwamba kila adhabu iwe na tarehe ya kufunguka yenyewe. Kwamba anayenyamazishwa aambiwe, na sababu aambiwe. Na kwamba kitufe cha kushtaki maoni ya mtu kihamishwe mbali na cha kujibu, maana vidole vinakosea. Kang Yayat alipewa hadi Jumatano. Alisema, "Nitaweka." Mwenyekiti alisema, "Utaweka hapa, leo, mbele yangu."

KUMB. NA. 6/11/2025: SIMU YA PAK ENDANG
Saa 5:40 Pak Endang alipiga mwenyewe. Sauti iliwekwa wazi ili wote wasikie.

"Rusdi! Kumbe bado mnanikumbuka?"

Kang Rusdi alimuuliza kwanza habari za Yeyen.

"Yule wa betri? Nimemwandikia mara nane, kimya. Nikasema huyu mtoto kaziba masikio. Alitaja mama yake anauza dodol, ile halua ya kunata, karibu na stendi, nikapanda pikipiki nikaenda. Imevimba kama andazi! Nikaitoa kwa mkono wangu. Sasa hana simu, lakini mzima. Mama yake kanijazia dodol, meno yenyewe sina."

Mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa sauti. Kang Rusdi hakukaa. Alimweleza Pak Endang kila kitu, akiwa amesimama.

Pak Endang akauliza, "Siku ngapi?"

"Arobaini na saba, Pak."

"Nami nikadhani mmenichoka."

"Nisamehe, Pak."

"Nimekusamehe, bwana harusi. Ila kurudi sirudi. Kwenu nimesema siku arobaini na saba, hakuna aliyesikia. Garut nimekwenda mara moja, nimekaribishwa. Anayekwama mpeni namba yangu."

Akakata.

KUMB. NA. 7/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Kang Rusdi alipiga tena mara mbili, haikupokelewa. Mwenyekiti aliagiza namba ya Pak Endang iwekwe juu kabisa ya ukurasa wa mbele, kwa maandishi makubwa, akafunga kikao saa 6:05 mchana.

Imetiwa sahihi:

N. Sukaesih, Mwenyekiti ……………………

E. Suhartini, Katibu ……………………