Matambara ya Shangazi Hadijah

Zuhurah uko?? Shangazi Hadijah nusura auchome mtaa mzima hapa Arua.

Si unajua mafuta yake ya mbegu za kitani, yale anayowauzia maseremala wang'arishie mbao? Leo kaja fundi Ondoga kutoka Dranya, akauliza kama yanashika moto upesi. Shangazi akacheka. Akawasha njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye kikombe cha mafuta. Ikazima!

"Umeona? Hii iko salama kama maji."

Salama kama maji, Zuhurah!!

Akajifuta mikono kwa tambara, akalitupa kwenye rundo la mengine yenye mafuta pale juani, kama siku zote. Wakakaa kunywa chai.

Mara moshi. Hakuna mtu aliyewasha kitu! Mafuta yamejichemsha yenyewe ndani ya matambara mpaka yakawaka. Ondoga akamwaga mchanga. Shangazi kakaa chini, anarudia tu: "Lakini njiti ilizima. Njiti ilizima."

Mpaka sasa anasema hivyohivyo.

Ngoja.

Yale matambara yenye mafuta aliyokupa asubuhi ukang'arishe viti vyako Koboko, umeyaweka wapi?

Yatoe nje. Sasa hivi.

Zuhurah? Mbona tiki ni moja tu, ujumbe haufiki?