Nafasi Iliyo Kushoto Kwako

Mpendwa mume wangu,

Usishangae mwandiko huu mbaya, ni wangu. Nimeupata kwenye kisomo cha watu wazima, ambako sisi wanawake wa huku bado tunaishika kalamu kama mwiko. Nilipojiandikisha ulinicheka. "Ukishajua kuandika, utamwandikia nani?" ukaniuliza. Haya, jibu lako ndilo hili.

Unakumbuka tulivyohama mlimani? Tuliambiwa kila mtu ashuke kijiji cha ujamaa, nyumba zipangwe mistari, shule na kisima viwe karibu. Wewe ulibeba mlango mgongoni, mimi chungu kichwani. Ulipofika kwenye kaburi la baba yako, pale kando ya zizi, ukautua mlango na kuniambia, "Nikifa, unirudishe hapa." Nikaitikia. Sikujua kwamba ukifa, mlima wote utakuwa shamba la kijiji, na pale zizini patakuwa pamesimama mahindi.

Basi ukazikwa kwenye makaburi ya kijiji. Na kule nako kuna mistari. Katibu wa kijiji alitueleza vizuri kabisa: "Hapa hakuna ukoo wala utajiri. Anayetangulia kufa analala mbele, anayefuata anamfuata." Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia udongo wako ambao haujakauka, nikaelewa jambo moja tu: kushoto kwako atalala yeyote atakayekufa baada yako. Kushoto, upande wangu. Mimi niliyelala kushoto kwako tangu ulipotoa ng'ombe wa mahari kwa baba yangu!

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi nikamwomba aniwekee ile nafasi. Akasema inawezekana, ila kuna ada kidogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba utajiri unaruhusiwa makaburini, mradi upitie kwake. Mwaka wa kwanza nilitoa debe la mahindi, eti la uzio. Uliofuata, debe na jogoo. Uzio ukaliwa na mchwa, mbuzi wakawa wanakula majani juu yenu, na ada ikawa mbuzi mzima. Zamani jirani alikuchimbia kaburi, akala ugali wake, akaenda zake. Sasa wachimbaji wana kiongozi, na kiongozi ana posho.

Mkutanoni nilisimama nikauliza kwa nini.

"Gharama zimepanda, mama," akasema mwenyekiti.

"Zimepanda wapi? Mlimani, au kwako?"

Wanawake walicheka mpaka wakajifunika khanga. Ungekuwepo ungenivuta nikae, huku na wewe unacheka. Lakini kesho yake nilimpeleka yule mbuzi. Ningefanyaje? Ndugu zako walikusihi uoe mwingine kwa sababu sikukuzalia, ukawajibu kwamba nyumba yako haina njaa ya mtu. Mtu aliyenisemea vile, nimwache alale na mgeni?

Sasa nikuambie nililolifanya juzi, ulisikie kwangu.

Bhoke, yule binti tunayekwenda naye kisimani, alifiwa na mtoto wake. Wa kiume, hata meno alikuwa hajaota. Homa ilimchukua kabla hawajafika zahanati. Tulipofika makaburini, wachimbaji walikuwa wameanza kuchimba mwisho kabisa, vichakani, kwa kuwa mstari wako umebakiza nafasi moja na nafasi hiyo ni yangu. Unajua kulivyo kule vichakani. Bhoke alikuwa amempakata mtoto wake ndani ya khanga, anaangalia vile vichaka. Hakulia. Alisema tu, "Mama, fisi."

Nikajisikia nasema, "Chimbeni hapa."

Mwenyekiti akanivuta pembeni. "Mama, ada yako hairudishwi."

"Kwani nimeiomba?"

Wakachimba. Kaburi lenyewe dogo, halikumaliza hata nusu ya nafasi yangu. Nililipia mtu mzima, akalala kichanga.

Nilirudi nyumbani. Nilipika ugali wa watu wawili, kama ninavyokosea siku nyingi, nikautazama ukipoa. Nina upweke, mume wangu. Nilikuwa nao tangu ulipoondoka, lakini ulikuwa na mwisho: nilijua siku moja nitakuja nijilaze upande wangu, yaishe. Sasa sijui nitalala wapi wala nani atakuwa kushoto kwangu. Zamu yangu itanikuta popote itakaponikuta. Usiku huu nimelia, na sikulia kwa ajili ya mtoto wa Bhoke peke yake.

Lakini nakumbuka jinsi ulivyokuwa unaogopa kupakata watoto wa watu. Ukipewa mtoto, unakaza mikono, unaniita, "Njoo umchukue, nitamwangusha!" Nikija, unamshikilia bado kidogo. Nilikuwa nakuona, ingawa ulidhani sioni.

Huyu humwangushi. Mama yake hajampa jina la ukubwani, wewe mwite utakavyo. Akilia, usiniite mimi, siko karibu. Mgeukie.

Ni mimi mke wako,
ambaye bado analala kushoto mwa kitanda.