Mwalimu wa Wali Ulioungua

Baba, mwaka umetimia tangu utuache asubuhi ya siku ya shule, mashati yako ya wiki nzima yakiwa yameshapigwa pasi.

Ulifundisha sarufi ya Kiingereza kuanzia darasa la nne hadi kidato cha nne. Chaki ilikuwa kila mahali: mfukoni, kwenye taulo, hata kwenye sukari. Ulikuwa mkali, lakini mwanafunzi aliyekosea mbele ya wenzake hukumcheka, wala hukuruhusu achekwe.

Mifano yako ilitoka nyumbani. Darasa la nne waliandika kwamba Mama anapika wali. Darasa la saba, kwamba Mama alikuwa akipika wali mgeni alipobisha hodi. Kidato cha pili, kwamba wali usingeungua kama mgeni asingebisha hodi. Mgeni ni nani, na ilikuwaje baadaye? Hayo uliyafungua kidato cha nne tu, wiki ya mwisho kabla ya mtihani. "Anayetaka umbea wote apande darasa," ulisema. Mama alinuna, maana mji mzima ulijua kaunguza wali. Ila watoto walipanda.

Mwaka jana ulituacha kabla ya wiki hiyo. Kidato cha nne wakafanya mtihani bila kusikia mwisho. Mama naye akaacha kupita njia ya shule, na hakutaka utajwe mbele yake. Tuliogopa kwamba tunakuzika mara ya pili, kwa kunyamaza.

Wiki iliyopita kidato cha nne wa sasa walibisha hodi. "Shikamoo, Mama. Tunaomba mwisho." Mama akatafuta viatu.

Alisimama mbele ya ubao wako. Wale wa mwaka jana nao walikuja, wakajaa madirishani.

"Mgeni alikuwa yeye, mwalimu wenu," akasema. "Nilimwangalia nikasahau jiko. Akala wali wote, akaomba na ukoko. Siku ya tatu nikampa jembe kama wahenga walivyosema, na bado hakuondoka."

Darasa likaangua kicheko. Mama akacheka nao, halafu akalia, wala hakujificha. Siku hizi anapita njia ya shule.

Unakumbukwa na mkeo, wanao, wakwe zako, wajukuu, dada yako, walimu wenzako na wote waliopanda darasa.

Hututoki moyoni, Baba. Ukoko bado ni wako.